Qamara na Wimbo wa Mteremko

Watu wa Mbulumbulu wanajua mambo mawili juu ya Qamara: kwamba shamba lake la ngano halina magugu, na kwamba hawezi kupiga ngoma bila kukimbia. La kwanza hakulijali sana. La pili lilimtesa tangu ujana, na aliyelitangaza kwanza ni baba yake mzazi.

Mzee Yohana alikuwa katekista wa kigango chetu, na ndiye aliyefundisha vijana ngoma za kwaya. Mwanawe alikuwa na mikono myepesi kuliko wenzake wote, lakini kila wimbo aliouanza kwa utulivu ulifika ubeti wa tatu umeshika kasi, kina mama wanahema, mwalimu wa kwaya amebaki na mikono hewani. Sikukuu moja ya Pasaka mzee aliinuka, akaichukua ile ngoma mapajani mwa mwanawe mbele ya kanisa zima. "Hujui kutulia wewe," akamwambia. "Mpe mwenzako." Mimi nilikuwa benchi la nyuma, na nakumbuka jinsi Qamara alivyobaki ameketi, viganja wazi, kama mtu anayeomba maji.

Basi alikwenda kukimbilia kwingine. Akapata kazi ya kusimika mahema kwenye kambi ya watalii pale Karatu mjini, kambi ambayo malori ya Wazungu yalikuwa yakilala njiani kwenda kreta kutazama wanyama. Malori yale yalikuja na muziki wa roki, na yalipoondoka roki ikabaki. Hapo ndipo alipokutana na Patrisi, dereva wa watalii kutoka Kilimanjaro, mwenye gitaa na maneno mengi. Wakaanzisha bendi, wakaiita Udongo Mwekundu. Qamara akajitengenezea dramu: ngoma za kuwambwa kwa ngozi ya ndama, na matoazi ya kununua. Tuliwacheka. Roki Karatu! Lakini tulikwenda kuwasikiliza, tena tulikwenda na wake zetu.

Wimbo uliotuvuta ulikuwa Mteremko, na aliutunga Qamara mwenyewe. Unaanza polepole, ng'ombe wakishuka kilima kwenda kulamba chumvi ya magadi, wamechoka, vumbi tupu. Halafu wanasikia harufu ya chumvi. Nani aliwahi kuwazuia ng'ombe waliosikia harufu ya chumvi? Dramu zinaanza kusogea, gitaa linazifuata, na ukifika mwisho kambi nzima inaruka, wapishi wameacha masufuria. Ule mwendo ambao baba yake aliuita kutokutulia, pale ulikuwa ndio wimbo wenyewe.

Mzee Yohana hakuja hata siku moja. "Kelele za kambini si zangu," alisema. Kwa hiyo Patrisi alipotangaza kwamba wanaingia studio kurekodi albamu, Qamara hakuwaza umaarufu. Aliniambia tukipalilia, bila kuficha: "Jirani, ikitoka redioni mzee ataisikia akiwa kwake. Akisikia Mteremko mara moja tu, ataelewa nilikuwa nakimbilia wapi."

Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la vipuri, kuta zimebandikwa trei za mayai. Prodyuza, Sylvesta, kijana wa Arusha, alimvika Qamara hedifoni zenye mlio wa kugonga, tik, tik, tik, ambao kila mpigaji alipaswa kuufuata. Qamara aliufuata kidogo, kisha akauacha nyuma. Wakarudia. Akauacha tena. Sylvesta hakukasirika, afadhali angekasirika. Alitabasamu.

"Chalii wangu, tufanye rahisi. Piga hii mara moja. Moja tu. Sasa hiyo kubwa. Sasa toazi."

Qamara akapiga kila kimoja, taratibu, kwa adabu, akidhani wanapima sauti. Sylvesta akamshukuru, akamwambia kazi yake imekwisha. Akarudi Mbulumbulu kuvuna ngano.

Alipoitwa tena ilikuwa kwa ajili ya picha ya jalada. Wakamvika yeye, Mwiraqw halisi, shuka nyekundu ya Kimasai na mkuki mkononi, maana eti ndivyo wageni wanavyopenda. Alivumilia. Kisha wakamfungulia wimbo wa kwanza, na hapo uso ukambadilika. Zilikuwa ngoma zake. Alizijua kwa mlio, kama mtu anavyojua kikohozi cha nyumbani kwake. Lakini zilitembea sawasawa kama askari wa gwaride.

"Nani kapiga hapa?" akauliza.

"Wewe," akasema Sylvesta. "Mapigo yako hayo. Kompyuta imeyapanga tu."

"Mimi sikupiga hivi."

Patrisi akamshika bega. "Kaka, redio haitaki mwendo wa kupanda na kushuka. Jina lako lipo, ngoma zako zipo. Unataka nini tena?"

"Mteremko," Qamara akasema. "Zote fanyeni mnavyotaka. Mteremko niacheni niupige mwenyewe, ukimbie."

Patrisi akamtazama machoni, akamwambia, "Huo hatuugusi, nakuahidi. Tutachukua ule tuliorekodi kwa simu kule kambini." Patrisi ni mwepesi wa ahadi. Kazini huwaahidi wageni faru kila asubuhi.

Redio ilipotangaza kwamba itaupiga Mteremko, Qamara alichinja jogoo, akatualika majirani kwa Mzee Yohana. Mzee siku hizi haoni vizuri, ila masikio yake ni mazima. Alikaa barazani, redio mapajani. Qamara hakukaa. Alisimama karibu na nguzo, na nikaona vidole vyake vinagonga paja, vikisubiri mahali pa kuanza kukimbia.

Pale pakafika. Wimbo haukukimbia. Ukaendelea vile vile, hatua baada ya hatua, ng'ombe wanashuka wamepangwa mstari, na chumvi hawaisikii. Vidole vyake vikasimama. Nilimlaani Patrisi kimoyomoyo, na sijajuta.

Wimbo ulipokwisha mzee aliiweka redio chini. Kisha akanyoosha mkono gizani mwake, akautafuta mkono wa mwanawe mpaka akaupata.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo umetulia, mwanangu. Nimeingoja siku hii tangu ukiwa kijana."

"Baba, si mimi niliyepiga. Ni kompyuta."

Mzee akacheka. "Mlio wa ngoma yako nitausahau? Usijishushe. Nilikuaibisha kanisani mbele za watu, na mbele za watu nitakurudishia. Jumapili njoo kigangoni, upige hivi hivi."

Qamara alinitazama. Ukimsisitizia mzee ukweli unamnyang'anya furaha, na mwanawe unamrudishia aibu ile ile ya Pasaka. Nilitamani mzee aseme ni kelele, atukane kama zamani, twende zetu.

"Sawa, baba," Qamara akasema, na akala jogoo wake pamoja na sisi.

Jumapili alikwenda. Alipiga akiwa amekaza shingo, midomo ikihesabu, na kila mara wimbo ulipotaka kuondoka aliushika. Kina mama waliimba hadi mwisho bila kuhema. Hakuna aliyeinuka kucheza. Mzee Yohana, kule mbele, alifuta machozi ya furaha kwa kiganja, na Qamara hakumtazama hata mara moja.