Kodiani Iliyonyooshwa

Mume wangu ana sikio, na sikio hilo ndilo lililotuponza. Kijiko kikianguka jikoni, yeye yuko kwenye kibanda chake cha ufundi nyuma ya nyumba, atapaza sauti aniambie ni kijiko cha chai au cha kupakulia. Mimi sikio sina. Nikiimba huku naosha vyombo, huuliza, "Mama watoto, huyo unayemkaba koo ni nani?" Miaka ishirini na sita ananitania hivyo, na mimi naendelea kuimba. Nyumba ni yangu pia.

Anatengeneza vyombo vya muziki. Mtaani kwetu watu wametoka kila pembe ya dunia, na wengi wakipishana kwenye ngazi hata salamu inakuwa kazi. Lakini kwenye benchi letu wamepita wote: dereva wa lori na gitaa lake, muuguzi na filimbi ya mbao aliyoachiwa na bibi yake, mwashi na vingoma viwili. Kila Jumamosi mchana wanakaa pale kupiga pamoja, kwa sababu mume wangu amewawekea sauti zote mahali pamoja, kwa kijichuma chake kinacholia kikigongwa. Mmoja anatoa wimbo wa kwao, wengine wanamfuata. Nimewaona majirani wasio na hata neno moja la kuelewana wakicheka mpaka machozi kwa kumaliza wimbo bila kupotezana. Kwa hilo namvulia kofia mzee wangu.

Sasa, Dobi. Ni dada mmoja anayepiga pasi kwenye duka la kufulia nguo, na dirisha la chumba chake linatazamana na jiko langu. Alituletea kodiani ya baba yake, kile kinanda cha kukumbatia kifuani, ameifunga kwenye shuka. Mzee wake alikuwa amepigwa kiharusi, mwili ukapooza na maneno yakakatika. Kila jioni Dobi alikuwa akimpigia nyimbo za kijijini kwao, kijiji ambacho sasa hakina mtu, na mzee aliyeshinda kimya kutwa anaanza kusogeza midomo.

"Ni hapo tu ananijua," alituambia. "Saa nyingine zote ananitazama kama mgeni." Mfuko wa hewa ulikuwa umechanika. "Fundi, nizibie hapa tu."

Hapa tu. Mume wangu akaziba, akabonyeza vibonye kujaribu, akakunja uso. "Maskini, sauti zote zimepotoka. Ndiyo maana Jumamosi anakaa pembeni kupiga makofi. Nikimnyooshea, naye atapiga na wenzake." Akataka iwe zawadi, asimwambie. Siku tatu akafungua, akatoa ndimi za chuma, vile vibati vyembamba vinavyotetemeka hewa ikipita, akazipiga tupa mmoja mmoja mpaka zikakubaliana na kijichuma chake. Mimi nilimpelekea chai na kumvisha kilemba cha ukoka. Sijitoi.

Jumamosi Dobi akapiga na wenzake. Dereva alisimama kwa furaha, muuguzi akamkumbatia. Dobi alicheka, ila nilimwona akiviangalia vile vibonye mara mbili tatu.

Jioni, kupitia dirisha la jiko, nikausikia ule wimbo wake wa kila siku. Umenyooka, mzuri. Ukakatika katikati. Ukaanza tena, ukakatika. Asubuhi Dobi alikuwa mlangoni.

"Baba amegeukia ukutani. Fundi, uliifanya nini?"

"Nimeiweka sawa, mwanangu. Ilikuwa imepotoka."

"Haikupotoka." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kwetu ndivyo sauti zinavyokaa. Baba alizipanga kwa mkono wake, kama alivyoonyeshwa na baba yake. Basi zirudishe."

Mume wangu akakaa chini. "Kurudisha naweza, chuma kinashuka na kupanda. Lakini nirudishe mpaka wapi?" Hakuwa ameandika kipimo hata kimoja. Nani anaandika kipimo cha kosa? Dobi aliujua wimbo kwa vidole tu. Kodiani yenyewe hakuna aliyewahi kuirekodi. Ya nini, wakati ipo nyumbani kila siku? Kipimo kilibaki kichwani mwa mzee, na mzee hasemi.

Ikabidi ahamishie tupa yake kitandani kwa mgonjwa. "Mzee wangu, ukisikia ndiyo yenyewe, niinulie kidole." Siku ya kwanza wakapata ndimi mbili, ya pili tano. Mume wangu alirudi akiruka ngazi kama kijana, nami moyo wangu ukatulia kidogo.

Siku ya tatu nilibeba chupa ya chai nikaenda kukaa nao. Nilikaa upande wa mkono wa mzee. Kidole kikainuka, na mume wangu alikuwa bado hajaupuliza ulimi ulie. Kikainuka tena wakati anatafuta miwani yake. Ama mzee alikuwa anamhurumia, ama kidole kilijiendea chenyewe. Nikamtazama mume wangu, naye alikuwa ameona. Akaweka tupa juu ya shuka. Zile ndimi saba hazikuwa chochote.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema. Mzee alikuwa ameshageukia ukuta.

Nikainuka kumimina chai. Na kama ilivyo desturi yangu mikono ikiwa na kazi, nikaanza kuimba chini chini. Sikufikiri ni wimbo gani, kumbe ni ule wa Dobi niliouzoea dirishani. Nilikuwa kwenye kikombe cha pili niliposikia Dobi anavuta pumzi. Mzee alikuwa ametuelekea. Midomo yake inakwenda, na macho yake yako kwa binti yake.

"Mama watoto," mume wangu akanong'ona. "Rudia."

Nikarudia. Tupa iko mkononi mwake, wote wananikodolea macho, na sauti ikatoka nyingine kabisa. Nikafumba macho, nikajaribu polepole, nikajaribu kwa haraka, nikashika kikombe tena kama nilivyokuwa nimekishika. Kila nikijaribu inapotea zaidi.

"Wewe uliisikia," nikamwambia. "Wewe mwenye sikio. Nionyeshe ilikuwaje."

Akatikisa kichwa. "Sikuishika. Miaka yote hii nimejizoeza nisikusikilize ukiimba."

Dobi alikuwa amepiga magoti karibu na mto, ameushika mkono wa baba yake. Mzee alisubiri, midomo wazi, mpaka chai ikapoa. Kisha akamtazama binti yake kama mgeni, akageukia ukuta.