Naam Niliyoujibu Ukuta

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatano, ukuta wetu uligongwa mara tatu. Mpaka leo nikinusa ubani, kabla ya moshi huisikia nyundo ile.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na bibi yangu Mji Mkongwe. Ukuta mmoja ulitutenga na fundi Haji, mchonga milango. Akimaliza kazi ya asubuhi, fundi hugonga ukuta kwa nyundo yake ya mti, mara tatu, nami hutumwa nimpelekee kahawa. Lakini Jumatano ile alikuwa na wiki tano kaburini. Mjane wake, Bi Mize, alikaa eda peke yake, na mpwa aliyekuwa akimletea chakula alikuwa amekwenda Uroa.

Bibi alifukiza ubani chumba kizima.

"Usiitike! Maiti akikuita ukasema naam, ushakubali safari."

"Labda Bi Mize, bibi."

"Mjane wa eda acheze na nyundo? Ana wazimu?"

Mlio ulirudi adhuhuri, kisha magharibi. Alhamisi ulikuja saa ile ile, polepole, kama mtu anayejikumbusha kuhesabu. Bibi alikuwa sokoni. Niliegemeza shavu kwenye chokaa baridi nikasema, "Naam."

Kisha, kwa mbali, mtu akagumia.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakavunja mlango wa Bi Mize. Alikuwa chini ya ngazi, karibu na ukuta wetu, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Nyundo ya marehemu ilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Daktari alisema tungechelewa kidogo, asingefika jioni.

Nimejisomea mengi tangu hapo. Najua dhana ni wazo unalolishika kabla ya kuhakikisha. Utotoni niliamini hukaa kichwani mwa wajinga. Baadaye nikafahamu hukaa sikioni, hata mwa mtu mwema. Bibi alimpenda Bi Mize kama ndugu. Ila alimsikia marehemu, kwa kuwa ndiye aliyekwisha kumtarajia.

Bi Mize alipopata nafuu, bibi alikwenda kumwomba radhi kwa kutomwitikia siku mbili.

"Siku mbili zipi, shoga? Niligonga Jumatano tu. Magharibi ile nyundo iliniponyoka ikaviringika, sikuifikia tena."

Kiu humsahaulisha mtu. Nimelishika hilo miaka yote, wala sijawahi kulihakikisha.