Mkono Uliosahihisha Siri

Intaneti ilipofika Sumbawanga, ilifikia kwenye chumba kimoja karibu na stendi, kompyuta mbili na jenereta inayonguruma kuliko basi. Mimi nilikuwa nimestaafu jeshi miaka michache nyuma, sajini wa mawasiliano, na niliona redio yangu ya betri inanitosha. Kilichonipeleka pale ni uvumi.

Ulikuwa wakati wa vyama vingi, uchaguzi unakaribia. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuja nyumbani akihema. Alisema waraka wa jeshi umevuja kwenye mtandao: askari wastaafu wote wa mkoa wataitwa tena kazini, na boti za Kipili zitachukuliwa ili wapinzani wasivuke ziwa. Mke wangu aliacha kusonga ugali.

"Watakuchukua tena?" aliniuliza kwa Kifipa.

Kesho yake asubuhi nikaenda na mwalimu kwenye kile chumba cha kompyuta. Binti wa pale akaufungua ule waraka, akatuchapia nakala. Juu pameandikwa SIRI SANA kwa herufi kubwa. Niliusoma mara moja tu, nikacheka kwa raha. Aliyeutunga hajawahi kukaa zamu hata siku moja. Ujumbe wa kijeshi una mpangilio wake, kuna kinachotangulia na kinachofuata, na saa haiandikwi vile. Mpangilio wenyewe siutaji hata leo, niliapa.

"Ni uongo, mwalimu."

"Umejuaje, afande?"

Nikieleza nimejuaje, nimetoa siri. Nisipoeleza, nani ataniamini? Nilikuwa nimeishika nakala huku natafuta maneno, na kalamu ninayo kwa sababu binti alitaka tujiandikishe kwenye daftari lake. Miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa kukagua ujumbe kabla haujarushwa hewani. Jicho likaona kosa, mkono ukalizungushia duara, pembeni ukaandika iliyo sahihi. Nilipozinduka nilikuwa nimefika mstari wa mwisho. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mimi kilichoniponza ni mkono.

Mwalimu aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Nilimwomba anirudishie. Akasema anakwenda kuwaonyesha watu kwamba ni uongo, na alikuwa na nia njema kabisa.

Wiki haikuisha. Sokoni, muuza mahindi mmoja alinipa fotokopi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ile ya kwanza ilikuwa na makosa. Hii imesahihishwa na wenyewe."

Mwandiko wa pembeni ulikuwa wangu. Niliisoma nimesimama, na kwa jinsi ilivyonyooka sasa, hata mimi niliogopa kuitwa. Akaniambia shemeji yake wa Kipili ameshaficha boti kwenye matete. Nilirudi nyumbani. Tangu siku hiyo sikuandika kitu mbele ya mtu; hata jina letu kwenye bahasha ya zaka nilimwachia mke wangu.

Jumatatu alikuja mgeni, mtu wa makamo mwenye koti la kijivu.

"Shikamoo, sajini."

"Marahaba."

Hakusema anatoka ofisi gani, nami sikuthubutu kuuliza. Alikunywa chai yote, akasifia mahindi yetu ya mwaka ule, kisha akaitoa fotokopi na kuiweka mezani.

"Mzee, waraka wenyewe hautusumbui, ni wa kitoto. Anayetusumbua ni huyu wa pembeni. Huyu anajua vitu. Wewe ulikuwa mawasiliano, mwandiko huu huutambui?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Mwandiko ule anaujua tangu nilipokuwa namwandikia barua kutoka vitani. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi jikoni bila kumwongezea mgeni chai.

Nilimwambia sioni vizuri bila miwani. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, na mgeni alikuwa anaiangalia.