Mguu wa Shangazi Mbeleje

Nakumbuka vizuri mchana ule, mwanangu, tulipojaa kwenye korido ya hospitali: baba, baba zangu wadogo, na mimi msemaji wao. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni hapa Chang'ombe, na kwa majivuno niliyokuwa nayo hata mbuzi walinipisha njia. Wodini alilala dada yao, Shangazi Mbeleje, aliyeletwa kutoka kijijini kwake Haneti na kidonda cha kisukari kilichokuwa kimeula mguu. Katika ukoo wetu mgonjwa hakuongea na daktari. Waliongea kaka zake, naye akaletewa habari ikiwa imekwisha kuamuliwa.

Daktari alisema mguu ukatwe, la sivyo tutampoteza. Baba akanigeukia. "Wewe msomi, sema."

Nami udaktari nilikuwa nimeusomea kwenye kibanda cha video. Tamthilia za hospitali nilizitazama mpaka nikaweza kupasua moyo kwa macho tu. Daktari wa humo haulizi mtu: anakata, muziki unalia, mgonjwa anazinduka na kumkumbatia. Basi nikasema, "Daktari, mpigeni sindano ya usingizi, mkate. Akiamka atashukuru."

Daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya taratibu, akanitazama. "Umeona wapi hiyo?"

"Kwenye TV."

"Mgonjwa wa kwenye TV akimaliza kuigiza anashuka kitandani na miguu yake yote miwili. Shangazi yako hashuki nayo. Nitamuuliza mwenyewe."

Baba akanuna. "Atakataa, afe. Utajibu wewe?"

"Akikataa nitamweleza tena, mzee wangu. Lakini kumwibia mguu, hapana."

Akaingia, akavuta pazia. Alieleza kwa Kiswahili chepesi, na palipogoma muuguzi akamalizia kwa Kigogo. Huku nje baba anatafuna ncha ya fimbo yake. Kisha tukamsikia shangazi: "Huo mguu mkishaukata, mnautupa wapi?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amewaza hilo. Wala tamthilia hata moja.

"Unataka mguu uende wapi, mama?" daktari akauliza.

"Haneti. Uzikwe nyuma ya zizi langu. Mkiniahidi, kateni."

Baba ndiye aliyeahidi, kupitia pazia, na ndiye aliyeuzika. Shangazi aliishi miaka mingi baadaye, akiwafokea mbuzi kutoka kwenye kigoda, na kaka zake akiwafokea zaidi.

Sasa wewe, mwanangu, unasomea uuguzi na tamthilia zimo simuni mwako. Tazama, cheka, lia mpaka shuka lilowe. Lakini siku utakapovaa sare, usimkate wala kumdunga mtu mwenye fahamu zake kabla hujamuuliza yeye, hata ndugu wakijaa korido, hata ukidhani jibu unalijua. Hapo usilegee, hata akugombeze nani.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza na subira ya kusikia jibu. Na wote utakaowahudumia wakukumbuke, kama shangazi alivyomkumbuka yule daktari mfupi mpaka mwisho wake.