Kura ya Pili

Uenyekiti wa chama chetu cha misiba niliutaka, na sioni haya kusema. Shule niliacha darasa la nne, lakini miaka ile ya tisini nilikuwa na kampuni yangu ya usafi. Nilisafisha ofisi za Saint Louis Park, huku ughaibuni, na kulipa mishahara watu wenye digrii. Kuongoza Wakenya wenzangu kuchanga na kusafirisha maiti kungenishinda nini?

Shida ilikuwa ukabila. Sisi wa ziwani tulichagua wa ziwani, wa mlimani wakachagua wao, kura zikalingana, matusi yakaanza. Mchungaji akatishia kutufukuza ukumbini mwake Brooklyn Center.

Dawa aliileta mpwa wangu, aliyekuwa akisoma historia chuo kikuu na kula ugali wangu bure. Alikuwa akiandika juu ya Delaware, kajimbo kadogo ka nchi hii, na jinsi kalivyomchagua mbunge wake wa kwanza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

"Mjomba, kila mpiga kura alitaja watu wawili, na angalau mmoja ilibidi awe wa wilaya nyingine."

"Wazungu nao walikuwa na ukabila?"

"Wilaya, mjomba."

"Ni ule ule, umevaa wigi."

Nikapiga hesabu haraka. Watu wa mlimani wangelazimika kutaja mtu asiye wao. Na nani huyo kama si mimi?

"Lakini mjomba, wakiamua hiyo ya pili kumpa mtu..."

"Kula, nyamaza."

Mkutanoni niliipigania sheria ile mpaka sauti ikakauka. Mpinzani wangu alikuwa bwana mmoja wa mlimani aliyenunua nyumba mpya Blaine. Huongei naye dakika moja bila kusikia habari za gereji yake. Aliiunga mkono kwa furaha mno. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilimpa mkono.

Wa tatu tulimweka kujaza karatasi tu: mtu wa pwani, aliyefanya zamu za usiku kwenye makao ya wazee na kuja mkutanoni kulala. Tulipolitaja jina lake kichwa kilimwangukia kifuani. Tukasema amekubali.

Siku ya uchaguzi niliwanong'oneza watu wangu: "Ya kwanza mimi. Ya pili mpeni huyo anayekoroma. Wa Blaine asipate hata moja."

Muuguzi mmoja, mama asiyemwogopa mtu, ndiye aliyesoma kura. Mimi na anayekoroma. Wa Blaine na anayekoroma. Mimi na anayekoroma. Nikamgeukia wa Blaine, nikamkuta ananitazama, uso umesawijika. Kumbe naye alikuwa amenong'ona.

"Mzee," mama akaniambia, karatasi bado zimemjaa mkononi, "niendelee kusoma, au nimwamshe mwenyekiti?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Akamtikisa bega. Yule bwana akafumbua macho, akatuona sote tumemkodolea.

"Nani amekufa?"

"Wawili," mama akajibu, akituonyesha mimi na wa Blaine kwa kidole.

Nje theluji ilikuwa imefunika gari. Mpwa wangu alikwangua kioo kizima, akaingia, akashika usukani, akakohoa.

"Mjomba, siku ile nilitaka kukuambia kwamba..."

"Endesha."

Sheria yenyewe haikuwa na kasoro, nasema hadi leo. Ubaya ni kwamba watu wangu walinitii.