Kizimba cha Ndani na Kizimba cha Uani

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, seremala, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Halmashauri ilipoamua kulirudishia jengo la mahakama ya zamani sura yake ya kwanza, wanaume walipewa paa, milango na madirisha. Yeye akaachiwa kizimba, pale anaposimama mshtakiwa. Hakununa. Alikizunguka kama mposaji, akapapasa maungio yote, asikute msumari hata mmoja. Vigingi vya mti vitupu, kazi ya mafundi wa kale. Nani alikitengeneza? Viganja vya watu wangapi viliulainisha ule mwamba wa mbele, mti wa kushikilia? Wiki mbili alipiga msasa huku akijiuliza.

Jumanne injinia akaja na karatasi iliyookotwa darini, orodha ya mali ya mahakama iliyoandikwa na karani wa zamani. Ilisema: kizimba kimoja, uani, mlango wa waya. Basi, injinia akaamua kuwa zamani washtakiwa walisimama nje, na hiki cha ndani ni kiraka cha juzi. Alhamisi kingebomolewa, fundi ajenge kingine uani.

"Mlango wa waya?" fundi akauliza. "Alikuwa mshtakiwa wa namna gani huyo?"

"Watu wa zamani hawakuwa na huruma, fundi."

Fundi akamwonyesha vigingi. Injinia akasema vigingi si ushahidi, hata yeye angeweza kuchonga. Mikono laini vile, kama mkate wa maziwa! Fundi akameza jibu, maana bado alihitaji kusikilizwa.

Jioni alimsimulia mama yake, aliyefagia mahakama ile miaka kumi na tisa mpaka magoti yakagoma. Mama alikuwa anachambua maharage. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Alipoulizwa kinachochekesha, alikataa kusema.

"Kesho nipeleke. Nitamwambia mwenyewe."

Jumatano asubuhi injinia akampa shikamoo na kiti. Mama akaomba asomewe orodha, kisha akataka na mstari unaofuata, ule ambao injinia aliuruka kwa kuuona hauna maana.

"Mtama, debe moja," injinia akasoma.

"Sasa mwanangu, mshtakiwa wako alikuwa anadonoa mtama?"

Mafundi wa paa wakaacha kugonga. Mama akaeleza taratibu. Wezi wa kuku walikuwa wengi, na hakimu wa wakati ule alikuwa hasikilizi kesi mpaka kuku mwenyewe aletwe mbele yake. Kesi ikiahirishwa, kuku analala uani, kafungwa kibao cha namba mguuni. Jogoo mmoja alikaa miezi minane, akawa anawakimbiza mashahidi. Kizimba cha uani kilikuwa chao.

Injinia alitaka kujua habari za mayai.

"Mayai hayakushtakiwa," mama akasema. "Karani alikula."

Hata injinia akacheka, lakini hakuachia. Akauliza atajuaje kwamba hiki cha ndani si cha juzi. Mama akamjibu kuwa yeye alikikuta, na bibi aliyemkabidhi ufagio naye alikikuta, mwamba ukiwa umeshalika hivyohivyo. Injinia akapiga magoti, suruali yake ya pasi na yote, akachungulia vile vigingi kwa muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa na vumbi puani. Akafungua mchoro wake, akatoa kifutio.

"Hiki kinabaki," akasema. "Na kile cha kuku utanitengenezea pia, fundi. Watoto wa shule watakipenda."

Fundi hakuringa, ila kidogo. Akafungua kile kilango cha kizimba, akamwambia mama aingie, aone mkono unavyokaa vizuri juu ya mwamba.

Mama akarudi nyuma hatua mbili.

"Miaka kumi na tisa nilikuwa nakifagia kwa kunyoosha mkono, mimi nimesimama nje. Humo siingii hata kwa dawa."