Ukuta Alioula Mama Mdogo

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, miaka ile maduka ya Ilongero yalipoanza kujaa tena sukari na majani ya chai baada ya uhaba mrefu, mama mdogo Mwajuma alikuwa anakula ukuta wa nyumba yetu.

Alikuwa na mimba ya kwanza. Mvua ikinyesha, udongo wa tembe letu ukianza kunukia, alibandua kipande kwa kucha akakitafuna taratibu. Kwa nje ndama nao waliuramba ukuta ule ule. Bibi aliwaona wote.

"Ndama hana akili. Na wewe je?" alimwambia. "Anayekula nyumba hazeekei ndani yake."

Mama mdogo alicheka, akajifuta mdomo. Mimi niliogopa. Bibi akapakandika palipoliwa kwa samadi na majivu ili pasilike, mama mdogo akahamia kula nyuma ya mlango.

Kliniki walisema damu yake ni kidogo, wakampa vidonge vyekundu. Vilimchefua. Mama, aliyempenda mdogo wake kuliko alivyotupenda sisi, alimpikia chai ya rangi iliyokolea, sukari tele, avishushie. Siku hizo chai ilikuwa heshima. Uji wa uwele wenye ukwaju tulikuwa tumemwachia bibi.

Mama mdogo alijifungua, damu ikatoka, haikukatika mpaka akafa. Mtoto naye hakukaa. Sikulia. Nilikaa nyuma ya mlango nikitazama alama za kucha, bado mpya.

"Ni ukuta," alisema mama, na anasema hivyo mpaka leo.

Nilipopata mimba yangu, muuguzi alinipa vidonge vile vile. "Usimeze na chai," alisema. "Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Udongo nao hivyo hivyo. Meza na chungwa, au maji ya ukwaju." Alisema kama anayetaja bei ya vitunguu, akaita mwingine.

Kumbe bibi alipatia kuhusu ukuta, ila kikombe hakuna aliyekishuku. Njia nzima nilingoja uchungu wa moyo uje. Haukuja.

Nyumbani mama alikuwa ameshainjika sufuria. Akauliza kliniki wamesemaje.

"Wamesema nisile udongo."

"Si nilikuambia, mwanangu? Ukuta ule ulituulia mtu."

Akanimiminia chai. Niliishika mpaka ikapoa, nikasubiri atoke, nikaimwaga nje, chini ya ukuta.